Risala ya Wazazi, Walimu na Wahitimu wa Pemba kuhusu Istilahi za Matokeo ya Sekondari

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar
Kupitia: Afisa Mdhamini, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Pemba
Nakala: Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), Baraza la Mitihani la Zanzibar, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET)

Mheshimiwa Waziri,



Sisi ni wazazi, walezi, walimu na wahitimu wa skuli za sekondari kutoka wilaya zote nne za Pemba: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani. Wamo kati yetu wakulima wa karafuu, akina mama wa mwani, wavuvi, walimu wanaoendelea kusomesha na waliostaafu, na vijana wenye vyeti mikononi ambao bado wanatafuta pa kwenda. Tunaleta mbele yako kadhia moja. Watoto wetu wanapimwa, wanapangwa na wanachujwa kwa maneno na hesabu ambazo hakuna aliyewahi kuwaeleza wao wala sisi, na kwa sababu hiyo wanapoteza nafasi ambazo walikuwa na haki ya kuzipata.

Tunashukuru kwa yaliyofanyika. Tangu tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo, mtoto wa Pemba hakupaswa tena kuzuiwa mlangoni mwa skuli kwa umasikini wa baba yake. Skuli za sekondari zimefika hata vijijini ambako zamani mtoto alilazimika kulala kwa jamaa mjini ili asome. Haya tunayajua na tunayasema. Lakini mlango wa kuingilia ukiwa wazi na mlango wa kutokea ukiwa umeandikwa maneno yasiyosomeka, mtoto hukwama ndani.

1. HALI ILIVYO

Mwanafunzi wa Zanzibar hupita mikononi mwa mabaraza mawili. Mtihani wa kidato cha pili hutungwa na kusahihishwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Mitihani ya kidato cha nne na cha sita ni ya NECTA, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 na ambacho Katiba ya Jamhuri ya Muungano imekiweka katika orodha ya mambo ya Muungano. Akishamaliza hapo, mtoto hukabidhiwa kwa wengine: TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati, bodi za mikopo, na waajiri. Kila mmoja ana hesabu yake na msamiati wake, na hakuna hata mmoja aliyepewa jukumu la kumkalisha mzazi chini akamfafanulia yote kwa pamoja.

Matokeo yakitoka, kijijini hutafutwa simu moja yenye bando. Watu hukusanyika barazani, kijana mmoja akasoma kwa sauti. Mstari wa mtoto huanza na namba ya mtahiniwa, ikafuata jinsi, kisha jumla ya pointi, kisha divisheni, kisha masomo yaliyofupishwa. Mstari mmoja uliosomwa hivyo katika Wilaya ya Micheweni ulikuwa wa binti aliyepata pointi 28, divisheni ya nne: CIV F, HIST D, GEO D, E/D/KIISLAMU B, KISW C, ENGL F, BIO F, B/MATH F. Barazani watu walimpongeza mama yake: "Kapasi." Na kweli, kwa hesabu ya NECTA alifaulu. Alikuwa na pasi nne, yaani masomo manne ya D au zaidi.

Mama aliuza mwani, akakopa cha kujazia, akamlipia binti yake nauli ya boti na ada ya maombi ya chuo kimoja ng'ambo ya Pemba. Huko ndiko alikoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba vyuo vya kati vinataka pasi nne zisizo za masomo ya dini. Ile B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, alama yake bora kuliko zote, haikuhesabiwa. Alikuwa na pasi tatu. Alirudi nyumbani na fomu aliyokwisha kuilipia, na nafasi ya kurudia mtihani mwaka ule ilikuwa imeshampita.

Masharti ya NACTVET hayakuwa ya siri, na wala si ya jana. Kosa ni kwamba tangu binti huyo alipoanza kidato cha tatu mpaka alipotoka chumba cha mtihani, hapakuwa na karatasi wala mkutano uliomwambia. Angeambiwa mapema, angeongeza bidii katika Uraia au Biolojia. D moja inaanzia alama 30 kwa mia. Alikosa chuo kwa jambo ambalo maelezo ya nusu saa yangelizuia.

2. MALALAMIKO YETU

2.1 Pointi zinazogeuka maana njiani

Katika kidato cha nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, zikajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri. Hapa basi mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda.

Kidato cha sita hesabu ni ya masomo matatu ya tahasusi, ile kombinesheni ya mwanafunzi. A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Pointi 3 hadi 9 ni divisheni ya kwanza, 10 hadi 12 ya pili, 13 hadi 17 ya tatu, 18 na 19 ya nne, 20 na 21 sifuri. Hapa pia uchache ndio ubora.

Kijana huyo huyo akifika mlango wa chuo kikuu, mizani inapinduliwa. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, TCU inahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu pointi, na inataka masomo mawili yaliyofaulu kwa kiwango cha prinsipali, yaani kuanzia A hadi E, yenye jumla isiyopungua 4.0. Sasa wingi ndio ubora, na neno linalotumika ni lile lile: pointi.

Madhara yake si ya nadharia. Kijana mmoja ana E tatu: NECTA inampa pointi 15, divisheni ya tatu. Mwenzake ana D mbili na F moja: naye ana pointi 15, divisheni ya tatu. Kijijini wamelingana kila kitu. TCU inamhesabia wa kwanza 2.0 katika masomo yake mawili bora, na wa pili 4.0. Wa pili anaruhusiwa kuomba, wa kwanza haruhusiwi. Mzazi anayejua divisheni tu atadhani mwanawe amedhulumiwa au jirani amehonga. Tumeyasikia maneno hayo misikitini na majumbani, na yameingiza uadui baina ya watu waliokuwa wakishirikiana.

2.2 Herufi moja, vipimo viwili

C ya kidato cha nne huanzia alama 45. C ya kidato cha sita huanzia 60. D ya kidato cha nne ni 30 hadi 44. D ya kidato cha sita ni 50 hadi 59. Mtoto aliyeleta C mbili kidato cha nne na D mbili kidato cha sita huambiwa na babake kwamba ameporomoka, na huenda alama zake zimepanda. S, ambayo haimo kabisa kidato cha nne, nyumbani huonekana kama kosa la uchapaji. S ni ufaulu wa sabsidiari, alama 35 hadi 39: imepita F, haikufika prinsipali. Wazazi wengi wamekwenda skuli kulalamika kwamba mtoto wao "kaandikiwa herufi isiyokuwepo".

2.3 Divisheni inayoficha krediti

Krediti ni somo lililofaulu kwa A, B au C. Milango mingi baada ya kidato cha nne hutazama krediti kabla ya divisheni. Mwenye B mbili na D tano ana pointi 24, divisheni ya tatu, lakini krediti zake ni mbili tu. Mwenye C tatu, D mbili na F mbili ana pointi 27, divisheni ya nne, na krediti zake ni tatu. Wa divisheni ya nne ana krediti nyingi kuliko wa divisheni ya tatu. Huyu wa divisheni ya nne mara nyingi hukata tamaa siku ile ile, akavua samaki au akasafiri kutafuta kibarua, kwa kuwa amesikia "foo", jina la mitaani la divisheni ya nne, na kila mtu amemwambia foo haina kitu.

Na foo yenyewe ni pana mno. Mwenye pointi 26 aweza kuwa na C mbili na D tano: hakuanguka katika somo hata moja kati ya hayo saba. Mwenye pointi 33 aweza kuwa na D mbili na F tano. Wote wawili huitwa divisheni ya nne, na wote wawili huingizwa katika asilimia ya "waliofaulu" inayosomwa redioni. NECTA yenyewe hutenganisha ufaulu, yaani divisheni ya kwanza hadi ya nne, na ubora wa ufaulu, yaani ya kwanza hadi ya tatu. Viongozi wetu wanapokuja kutupongeza husoma takwimu ya kwanza. Tunapiga makofi, na mwezi unaofuata tunawaona watoto wale wale wamekaa vijiweni.

2.4 Mifumo iliyobadilishwa mtoto akiwa njiani

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwezi Mei Serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya. Mtoto yule yule, kwa karatasi zile zile, akawa na matokeo mawili. Mwishoni mwa 2013 zikaletwa alama mpya, B+ ikaingia na E ikaingia katika kidato cha nne. Kisha ukaja mfumo wa GPA, yaani wastani wa pointi, na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yakatoka kwa majina ya Distinkshen, Meriti, Krediti na Pasi. Januari 2016 Waziri wa Elimu wa Jamhuri ya Muungano, Profesa Joyce Ndalichako, aliagiza kurudi kwenye divisheni.

Hatupingi kurudi huko. Tunalalamikia walioachwa katikati. Aliyefanya mtihani mwaka 2014 hana divisheni kwenye cheti chake. Matangazo ya kazi na ya vyuo yanasema "divisheni ya tatu au zaidi", naye ana neno Krediti. Mbaya zaidi, Krediti ya cheti chake ni daraja la matokeo yote, na krediti ya leo ni alama ya somo moja. Karani anayepokea fomu, akiwa kijana aliyesoma chini ya divisheni, hudhani mwombaji ana somo moja tu alilofaulu vizuri. Na waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015, C yao kwa TCU ni pointi 2, wakati C ya mwaka 2016 ni pointi 3, kwa sababu kati ya A na B ya miaka yao ilikuwepo B+. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliopishana mwaka mmoja, wana herufi moja yenye thamani mbili, na cheti hakielezi.

2.5 Vifupisho vya tahasusi na uchaguzi wa masomo

PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL: hizi ndizo herufi zinazoamua kama mtoto atakuwa daktari, mhandisi au mwalimu. Uchaguzi wenyewe hufanywa mapema zaidi, pale mtoto anapotoka kidato cha pili na kuingia cha tatu na kuacha au kuendelea na Fizikia na Kemia. Binti anayetaka uuguzi au utabibu anahitaji pasi za Kemia, Biolojia na Fizikia katika cheti cha kidato cha nne. Akiacha Fizikia kidato cha tatu kwa kuwa skuli yake haina mwalimu wa somo hilo, mlango wa hospitali umeshafungwa, naye atalijua hilo miaka miwili baadaye. Machi 2024 ilitangazwa upande wa Bara kwamba tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65. Ikiwa tulikuwa hatujaelezwa zile 16, vijana wetu watazichaguaje hizi?

2.6 Alama za kuzuia na za kukosekana

Penye jina la mtoto huandikwa ABS, kwamba hakufika. Au INC, kwamba kuna sehemu haijakamilika. Au matokeo huzuiliwa. Kuzuiliwa ni tofauti na kufutwa. Mtahiniwa aliyeugua katikati ya mtihani matokeo yake huzuiliwa, akapewa nafasi ya kukamilisha. Aliyethibitika kufanya udanganyifu yake hufutwa. Kijijini maneno haya mawili ni kitu kimoja: wizi wa mtihani. Mtoto aliyelazwa kwa malaria siku ya Hisabati huzunguka mwaka mzima na sifa ya mwizi, na hakuna barua inayofika kwa mwalimu mkuu kumsafisha.

2.7 Wanaosafiri na vyeti vyetu

Watu wa Pemba wana jamaa Maskati, Dubai, Mombasa, Kwale na Kilifi. Kijana akipeleka cheti Oman huulizwa asilimia, na cheti chetu kina herufi tu. Akivuka Kenya, ambako jamii ya Wapemba ilitambuliwa rasmi mwaka 2023, hukuta kwamba katika mtihani wa taifa wa sekondari A ni pointi 12 na E ni 1. Akisema kwa fahari ana "pointi kumi", huonekana ameshindwa au ameshinda kutegemea nani anamsikiliza. Na mtoto aliyesoma Ghuba akarejeshwa nyumbani na wazazi wake anahitaji ulinganifu wa cheti kutoka NECTA kabla ya kuomba chuo. Wazazi wengi hulijua hilo dirisha la maombi likishafungwa.

3. HOJA YETU

Karafuu ya Pemba hupangwa kwa madaraja. Mkulima anajua daraja la kwanza ni lipi na la pili ni lipi, anajua karafuu iliyoungua itashushwa, na bei ya kila daraja hutangazwa kabla hajalipeleka gunia kituoni. Kwa hiyo anaanika kwa uangalifu. Tunaomba mtoto atendewe haki ambayo gunia la karafuu tayari linatendewa: ajue kabla ya kupimwa atapimwaje na kila daraja linampeleka wapi.

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Matokeo ya mtihani wa taifa ni jambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hoja kwamba mwananchi hawezi kupata haki katika lugha asiyoielewa. Kama hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ufafanuzi wa matokeo ya kidato cha nne hauwezi kushindikana.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yamo kwenye tovuti. Yamo, mengi yake kwa Kiingereza, katika miongozo yenye kurasa nyingi, kila taasisi na mwongozo wake. Mwalimu wa kidato cha nne mwenye vipindi vingi kwa wiki na darasa lililojaa hawezi kuwa yeye ndiye mfasiri wa TCU, wa NACTVET na wa NECTA kwa kila mzazi anayebisha hodi.

4. MADAI YETU

Kwa hayo, tunadai mambo yafuatayo:

Kwanza, Wizara kwa kushirikiana na NECTA itoe karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja mbele na nyuma, itakayogawiwa kila mwanafunzi anapoanza kidato cha tatu na kila anapopokea matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Ioneshe alama za kila herufi, pointi za NECTA, mipaka ya divisheni, maana ya krediti, prinsipali na sabsidiari, na maana ya ABS, INC, kuzuiliwa na kufutwa.

Pili, karatasi hiyo iweke hesabu ya NECTA na hesabu ya TCU ubavu kwa ubavu, ili kila mtu aone kwamba pointi za upande mmoja husomwa kinyume na za upande wa pili.

Tatu, sharti la pasi nne zisizo za masomo ya dini litangazwe kwa maandishi kwa kila mwanafunzi na mzazi kabla ya usajili wa mtihani, na ielezwe waziwazi kama somo la Kiarabu linahesabiwa kuwa la dini au la. Watoto wetu wataendelea kusoma Dini, na tunataka waendelee. Tunachotaka ni wajue kwamba lazima wawe na pasi nne nyingine kando yake.

Nne, NECTA, TCU na NACTVET watoe jedwali rasmi la ulinganifu kwa vyeti vya miaka ya B+ na GPA, na Wizara ilipeleke jedwali hilo kwa Tume za Utumishi, vyuo na waajiri wote wa Zanzibar. Asiwepo mwombaji atakayerudishwa kwa sababu cheti chake kina neno ambalo karani halijui.

Tano, takwimu za matokeo ya Pemba zitangazwe kwa mchanganuo: wangapi wako katika kila divisheni, wangapi wana krediti tatu au zaidi, na wangapi wana pasi nne zisizo za dini, kwa kila wilaya. Asilimia ya jumla isisomwe peke yake.

Sita, kila skuli ya sekondari ifanye mkutano wa wazazi baada ya matokeo ya kidato cha pili na kabla ya uchaguzi wa masomo, na masharti ya kozi za afya, ualimu, ufundi na tahasusi yabandikwe ukutani. Masharti ya vituo vya mafunzo ya amali vya Vitongoji na Daya yawekwe pamoja nayo, kwa sababu nako ni njia ya heshima na wengi hawajui wanahitaji nini ili kuingia.

Saba, lifunguliwe dawati la ushauri katika kila wilaya ya Pemba, chini ya ofisi ya Afisa Mdhamini, kuanzia siku ya kutangazwa matokeo hadi kufungwa kwa maombi ya vyuo. Dawati hilo lihudumie pia watahiniwa wa kujitegemea, wanaofanya Mtihani wa Maarifa, wanaorisiti, na wenye vyeti vya nje, kwani hao hawana mwalimu mkuu wa kumuuliza.

Nane, ZBC na Redio Jamii Micheweni zipewe vipindi vya kueleza istilahi hizi, kwa lugha ya kawaida na kwa saa ambazo watu wamerejea kutoka shamba na baharini. Kwa mwenye ulemavu wa macho yaandaliwe maandishi ya nukta nundu, na kwa viziwi uwepo mkalimani wa lugha ya alama katika mikutano.

Tisa, mfumo wa madaraja usibadilishwe tena kwa wanafunzi waliokwisha kuanza kidato cha tatu. Mabadiliko yoyote yaanze na wanaoingia, yatangazwe kabla, na yaambatane na jedwali la ulinganifu siku hiyo hiyo.

5. AHADI YETU

Hatuji kwa kudai tu. Walimu wastaafu miongoni mwetu wako tayari kukaa katika madawati hayo bila malipo katika msimu wa kwanza. Wahitimu wako tayari kuzunguka shehia kwa shehia wakiwa na karatasi hiyo, wakaeleza madrasani na katika vikundi vya akina mama wa mwani. Wazazi tunaahidi kuhudhuria mikutano tutakayoitwa, baba na mama, na kutomwachia mtoto peke yake uchaguzi ambao utamfuata maisha yake yote. Rasimu ya karatasi ya maelezo tumekwisha kuiandika, na tunaiambatanisha ili Wizara isianze na ukurasa mtupu.

6. HITIMISHO

Mheshimiwa Waziri, madai haya hayahitaji jengo jipya wala sheria mpya. Mengi yake yanahitaji kuchapa karatasi, kuitisha mikutano na kuzikalisha taasisi nne kwenye meza moja. Tunaomba jibu la maandishi, dai kwa dai, kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne unaofuata, kwa sababu kila usajili unaopita bila maelezo una watoto ndani yake watakaofika mlango wa chuo wakiwa na pasi tatu wakidhani wana nne. Tumeteua wajumbe wawili kutoka kila wilaya kufuatilia jibu hilo katika ofisi ya Afisa Mdhamini, na wajumbe hao watarejesha taarifa kwa wazazi wote waliotutuma.





Ni sisi, wazazi, walimu na wahitimu wa skuli za sekondari, Pemba.